Wahanga wa Ugaidi: Fidia Yao ni Sadaka au ni Haki?

Katika lugha yetu kuna neno ambalo magazeti na redio hulitumia kila mara bila kulipima uzito wake. Neno hilo ni mhanga. Mtu akijifunga mabomu kiunoni na kujilipua katikati ya umati, husemwa kwamba amejitoa mhanga. Kesho yake wale aliowaua huitwa wahanga. Basi muuaji na aliyeuawa wamekutana katika neno moja! Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kusimama kidogo hapo. Mhanga ni sadaka ya nafsi, yaani uhai unaotolewa kwa ajili ya jambo lililo nje ya uhai huo. Kwa maana hiyo neno linaweza kuwafaa wote wawili. Tofauti yao imo katika kitenzi. Mmoja amejitoa, mwingine ametolewa. Mmoja alichagua siku na mahali. Mwingine alikuwa akienda zake kazini.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali la kimaadili lililojificha ndani ya tofauti hiyo. Huyu aliyetolewa mhanga anatudai nini sisi tuliosalimika, na anaidai nini serikali inayotuwakilisha? Akipewa fedha, matibabu au karo ya watoto wake, je, amepewa sadaka, au amelipwa haki yake?

Yaliyotokea Nairobi na Dar es Salaam

Fikra zisizokanyaga ardhi hupotea njia. Kwa hiyo na tuanze na mambo yaliyotokea. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, mabomu mawili yaliyopakiwa katika magari yalilipuka, karibu kwa wakati mmoja, kwenye balozi za Marekani katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam watu 11. Waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu. Kundi la Al-Qaida, lililopanga mashambulio hayo, lilikuwa na ugomvi na Serikali ya Marekani.

Sasa hebu tuwatazame waliokufa. Katika wale 213 wa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam hakuuawa Mmarekani hata mmoja. Waliobaki walikuwa makarani, wachuuzi, wapita njia, abiria waliokuwa ndani ya basi, na vijana waliokuwa wakijifunza uhazili katika jumba la Ufundi, ambalo lilikuwa jirani na ubalozi na likaporomoka lote. Wengi wa majeruhi walipoteza macho, na sababu yake inahuzunisha: kabla ya bomu lenyewe palisikika kishindo kidogo, watu wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na bomu likawapata wakiwa wameelekeza nyuso zao kwenye vioo.

Wahenga walisema kwamba aliye kando haangukiwi na mti. Watu hawa walikuwa kando kabisa, na mti ukawaangukia. Ndivyo ugaidi ulivyo: gaidi humtafuta mtu aliye kando kwa makusudi, kwa sababu hamchukii huyo kwa nafsi yake, bali anamtumia kuwa barua ya kupeleka ujumbe kwa mwingine.

Sisi tunaofundisha Uganda tuna msiba wetu wa namna hiyo. Tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi mtaani Kabalagala, mabomu yaliua watu zaidi ya 70. Al-Shabaab walitangaza kwamba wamefanya hivyo kwa sababu majeshi ya Uganda yalikuwa Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Uamuzi wa kupeleka majeshi ulikuwa wa serikali. Malipo yake yalitozwa kwa watazamaji wa mpira.

Maneno manne na maana zake

Mtu akifikwa na msiba, Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kile anachopewa, na si maneno ya kubadilishana ovyo.

Kwanza kuna rambirambi, au ubani kama wasemavyo watu wa pwani. Hii ni mali ya jirani. Hutolewa kwa mapenzi, kila mtu kwa kadiri ya mkono wake, na asiyetoa hashtakiwi. Pili kuna kifuta machozi. Hiki hutolewa na mkubwa kumpa mdogo. Hakikadiriwi kwa hasara bali kwa ukarimu wa mtoaji, na aghalabu hutolewa mbele ya wapiga picha. Tatu kuna msaada. Huu huangalia shida: mwenye njaa apewe chakula, na shida ikiisha, au mfuko ukiisha, msaada nao huisha. Nne kuna fidia. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mali inayotolewa ili kumkomboa mtu. Kitu kinachosimama mahali pa kingine. Fidia haitegemei huruma. Ina mwenye kudai na mwenye kudaiwa.

Tukilishika sawasawa neno hili la nne, tunaliona jambo la ajabu kidogo. Yule abiria wa basi la Nairobi alikufa mahali pa nani? Bomu lilielekezwa kwa dola, nalo likamkuta yeye. Kwa hiyo, kabla ya serikali yoyote kutoa fidia, yeye mwenyewe alikwisha kufanywa fidia. Alilipa kwa mwili wake deni ambalo hakulikopa. Serikali inapomlipa au kuwalipa watoto wake, haitangulii kutoa, inarudisha. Hoja yangu katika makala haya ni hii: mhanga wa ugaidi ni mtu aliyechukuliwa kwa niaba yetu sote, na kwa sababu hiyo hasara yake ni yetu sote kwa sheria, wala si kwa huruma tu.

Waliolipwa na wasiolipwa

Tuone sasa mambo yalivyokwenda baada ya mwaka 1998. Serikali ya Marekani ilitoa misaada kupitia shirika lake la USAID: matibabu, ushauri nasaha, karo za yatima, na ukarabati wa majengo na biashara. Msaada huo ulifaa watu wengi, na haifai kuubeza. Lakini ulikuwa msaada, nao ulikuwa na mwisho. Wakenya kwa maelfu walifungua kesi huko Marekani wakidai fidia kwa Serikali ya nchi hiyo. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha kutupwa kwa madai yao.

Njia nyingine ilifunguliwa baadaye. Sheria ya Marekani huruhusu kuishtaki nchi iliyoorodheshwa kuwa mfadhili wa ugaidi, na Sudan ilishtakiwa kwa kuwapa Al-Qaida makao. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa balozi hizo mbili pamoja na mashambulio mengine, na mwaka 2021 fedha hizo zikatolewa. Lakini sheria ile inawatambua wadai wa namna chache tu: raia wa Marekani, askari wake, na waajiriwa wake au wa makandarasi wake. Mlinzi Mkenya au Mtanzania aliyeajiriwa ubalozini aliweza kudai. Mchuuzi aliyekufa nje ya ukuta wa ubalozi huohuo, kwa bomu hilohilo, hakuwa na mlango wa kuingilia. Robo karne ilipita, na mwaka 2024 Seneti ya Kenya ilikuwa bado na kamati maalumu ya kushughulikia fidia ya wahanga hao.

Nchi ya Kenya haikukosa kutunga sheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 iliunda kwa jina mfuko wa fidia kwa wahanga wa ugaidi. Hata hivyo, mfuko ulioandikwa katika sheria na mfuko wenye fedha ni vitu viwili, kama vile ratiba ya masomo isivyokuwa somo.

Kwa nini serikali ndiyo ilipe?

Wapo wasemao: “Serikali haikutega bomu. Aliyetega ndiye alipe.” Hoja hii ina nguvu, nasi tusiikimbie. Ni kweli kwamba mkosaji ndiye mdaiwa wa kwanza, na mali yake ikipatikana itaifishwe na kupewa waliodhulumiwa. Lakini gaidi huwa amekufa pamoja na bomu lake, au yu gerezani bila senti, au yuko mafichoni. Je, damu ipotee bure kwa sababu muuaji hana kitu?

Watu wa kale walikwisha kujiuliza swali hili. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli karne ya 18 kabla ya Kristo, imeandikwa kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, mji na liwali wake wamlipe aliyenyang'anywa. Na ikiwa uhai umepotea, wawalipe jamaa zake mana moja ya fedha. Katika fikihi ya Kiislamu, wapo wanazuoni waliosema kwamba mtu akiuawa ndani ya msongamano na muuaji asijulikane, diya yake hutoka katika Baitulmali, yaani hazina ya umma. Na katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ng'ombe wa damu hawakutolewa na muuaji peke yake; ukoo mzima ulichangia. Mila hizi tatu ziko mbalimbali sana, lakini zinakubaliana katika jambo moja: uhai wa mtu mmoja una mdhamini aliye mkubwa kuliko mtu mmoja, na mdhamini huyo haruhusiwi kusema, “Si mimi niliyeua.”

Tazama pia hali ya askari. Akiuawa vitani, sheria ya pensheni inamjua mjane wake, kwa kuwa askari alikwenda kwa amri ya taifa. Mtazamaji wa mpira aliyeuawa kwa ajili ya vita hivyo hivyo hakupewa bunduki, hakupewa mshahara, wala hakuulizwa. Haiwi haki yule aliyekwenda akijua akumbukwe kwa sheria, na yule aliyefuatwa asijue akumbukwe kwa harambee. Harambee ni mila njema, lakini huja siku ya habari na huondoka na habari. Tena humfikia upesi zaidi mwenye jamaa na jina.

Kipimo cha fidia

Tukikubali kwamba fidia ni deni, linazuka swali gumu zaidi: deni hilo ni kiasi gani? Hapa Marekani imetupa somo kubwa. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya mfuko wa fidia kabla mwezi huo haujaisha. Msimamizi wake alikuwa mwanasheria Kenneth Feinberg. Mfuko ulilipa zaidi ya dola bilioni 7, na haukuwabagua wageni. Hata wafanyakazi wasio na vibali vya kuishi nchini walistahili. Katika hilo unasifika. Lakini sheria iliagiza kwamba kila marehemu akadiriwe kwa mapato ambayo angeyapata kama angeishi. Kwa hiyo familia ya mfanyakazi wa jikoni na familia ya mkuu wa benki, waliokufa katika jengo moja na saa moja, zililipwa mafungu yaliyotofautiana mno: kuanzia dola 250,000 hadi zaidi ya dola milioni 7. Feinberg mwenyewe, baada ya kuifanya kazi hiyo, alisema hadharani kwamba siku nyingine ni bora wote walipwe sawa. Alipokabidhiwa kugawa michango iliyotolewa baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007, kila familia ya marehemu ilipewa kiasi kilekile.

Nadhani kosa la hesabu ile ya kwanza lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Mahakama inayompima mtu kwa mshahara inauliza, “Soko limepoteza nini?” Lakini gaidi hakuchukua mshahara, alichukua uhai, na uhai ulichukuliwa kwa niaba yetu bila kuulizwa kazi yake. Kwa hiyo ingefaa mafungu yawe mawili. Fungu la kwanza ni la heshima, nalo liwe sawa kwa kila aliyekufa: waziri na mchuuzi, mwenyeji na mgeni. Fungu la pili ni la mahitaji, nalo lifuate hali halisi: watoto wangapi wamebaki, wana umri gani, majeruhi amepoteza kiungo gani, dawa atazinywa kwa miaka mingapi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyepofuka mwaka 1998 angali kipofu leo. Cheki moja iliyoandikwa mwaka ule haiwezi kumwongoza njia kila asubuhi. Anahitaji kufundishwa kazi mpya, fimbo, msomaji, na daktari ambaye halazimiki kumweleza upya kila mwaka yaliyompata.

Ufaransa inatupa mfano wa jinsi jambo hili linavyoweza kuendeshwa. Baada ya mabomu kulipuka mjini Paris, nchi hiyo iliunda mwaka 1986 mfuko wa dhamana ambao hupata fedha zake kutokana na tozo ndogo juu ya kila mkataba wa bima ya mali. Kila anayekata bima ya nyumba yake huchangia kidogo bila kuhisi uzito. Aliyejeruhiwa katika ardhi ya Ufaransa hulipwa hata kama si raia, na mfuko ndio unaobaki na kazi ya kumdai mkosaji. Isitoshe, tangu mwaka 1990 wahanga wa ugaidi huhesabiwa pamoja na raia waliopata madhara vitani, na watoto wao waweza kuasiliwa na taifa, wakaitwa watoto wa taifa. Jina hilo lina thamani kuliko cheki, maana linakiri kwamba mzazi alichukuliwa kwa ajili ya wote.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la umaskini: nchi zetu zitapata wapi fedha, ilhali hospitali hazina dawa? Jibu ni kwamba umaskini hupunguza kiasi cha malipo, haufuti deni. Tajiri na maskini wote hudaiwa, na mdaiwa maskini mwenye heshima hulipa kidogo kidogo, kwa tarehe zinazojulikana. Kinachowatesa wahanga zaidi ya uchache wa fedha ni kutojua: kamati huundwa, majina huandikwa, ahadi hutolewa, kisha kimya. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Pingamizi la pili ni la usawa: kwa nini mhanga wa bomu apewe haki ambayo aliyesombwa na mafuriko au kugongwa na gari hana? Hili ni pingamizi la watu waadilifu. Hao nao wana madai yao, ya huruma, ya bima na ya utawala bora, wala kitanda cha hospitali kisimwulize mtu ameumizwa na nini. Lakini mafuriko hayakumchagua mtu ili yaiambie serikali neno. Bomu lilifanya hivyo. Hapo ndipo deni la pekee linapozaliwa. Na kwa hoja hiyohiyo hatuna budi kukubali jambo ambalo serikali nyingi hazipendi kulisikia: mtu asiye na hatia akipigwa risasi na askari wanaomsaka gaidi, naye pia amechukuliwa kwa ajili ya usalama wetu. Fidia yake haiwi ndogo kwa sababu risasi ilikuwa ya serikali. Huenda ikawa kubwa zaidi.

Pingamizi la tatu linaturudisha kwenye neno tulilolianza. Mwaka 2009, huko Ireland ya Kaskazini, kamati iliyoongozwa na Robin Eames na Denis Bradley ilipendekeza kwamba kila familia iliyofiwa katika machafuko ya miaka mingi ipewe pauni 12,000, bila kuzitenga familia za wapiganaji wa siri. Hoja yao ilikuwa kwamba machozi ya mama hayana upande. Wafiwa wengi walighadhibika, na pendekezo likaachwa. Nani alikuwa na haki? Naona kwamba kamati ilikuwa sahihi juu ya machozi, ikakosea juu ya fidia. Mama wa mtega bomu amefiwa, na jirani akimpelekea rambirambi hafanyi kosa. Wala mtoto wa gaidi asinyimwe shule wala dawa, kwa maana hakutenda neno. Lakini fidia humrudishia mtu kilichochukuliwa kwa niaba ya wengine, na aliyejitoa hakuchukuliwa. Rambirambi yaweza kufika nyumba zote mbili. Fidia ina nyumba moja tu.

Kazi yetu walimu

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa ugaidi duniani. Kumbukumbu ni jambo jema, na Nairobi ina bustani ya ukumbusho mahali pale uliposimama ubalozi. Lakini jiwe lenye majina halimlipii mtu karo, na msomaji wa majina hayo akiishia kusema “maskini” tu, basi amewafanya wale watu kuwa ombaomba wa huruma yake.

Walimu wenzangu, sisi hatutungi bajeti wala hatuketi bungeni. Hata hivyo maneno yatakayotumiwa huko hufundishwa kwanza darasani. Mwanafunzi anayedhani kwamba rambirambi, kifuta machozi, msaada na fidia ni visawe vya neno moja, akija kuwa karani wa wilaya atamwambia mjane, “Mama, shukuru kwa ulichopata.” Lakini aliyefundishwa kuzitenga maana hizo atauliza maswali mengine: sheria inasema nini, deni ni kiasi gani, limelipwa lini, na limebaki kiasi gani. Tuwape wanafunzi wetu maneno hayo manne wayatungie sentensi, kisha tuwape na kitenzi kutoa katika kauli zake, ili waone umbali uliopo kati ya aliyejitoa na aliyetolewa. Wakikwisha kuuona umbali huo, watajua pia ni nani tunayemwia, na kwamba dawa ya deni ni kulipa.